Pale Anapofunga Mdomo

...na si kwamba hakuelewa, alielewa vizuri sana, Kiswahili cha Arusha na cha huku Ikuti ni kimoja, lakini Enosi alirudi kuusoma ule ujumbe toka juu, simu mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshikwa na mkewe, kidole cha pili kimebanwa kama shingo ya kuku, sindano inachimba, na maneno yako palepale kwenye kioo kilichopasuka, kaka Enosi salama, kazi nimeipokea, nikwambie ukweli kama msanii mwenzangu, gitaa limenichosha, nimeshasikia mengi ya aina hiyo, ila huyo dada anayeimba... "Tulia, baba Nelson," alisema Tupokigwe bila kuinua kichwa, "ukijitikisa hivyo kitazidi kuzama," kibanzi cha mwanzi, amekipata asubuhi akiziba uzio wa ndama, kimeingia chini ya ukucha wa kidole ambacho miaka yote hii kimekuwa ndicho kidole chake cha heshima, ndicho kinachobana nyuzi pale solo inapopanda, na leo kiko mikononi mwa huyu mwanamke aliyekaa juu ya kigoda mlangoni mwa jiko, mvua inapiga bati kama haina kazi nyingine, ndizi zimemenywa nusu kwenye beseni, na yeye mume mtu anasoma kwamba gitaa lake limemchosha mtu, lakini kuchosha si kubaya sana, hata kazi nzuri inachosha, hata ibada inachosha... "Wamejibu?" aliuliza Tupokigwe, siku zote husema wao, hao watu wako wa mtandao, kana kwamba ni ofisi yenye mlango na karani, kumbe ni kijana mmoja tu wa Arusha, Ezron, ana studio chumbani kwake, anachukua gitaa la mtu wa Kigoma, anachukua sauti ya mtu wa Lindi, watu ambao hawajawahi hata kupeana mkono, anawaunganisha, anawarusha mtandaoni na watu wanasikiliza mpaka nchi za mbali, na Enosi alipomwona mara ya kwanza kwenye kundi la wapiga gitaa la wasapu alijisemea mlango ndio huo, mwanamume, sukuma. "Mtandao unazunguka tu," alijibu, "mvua hii," na uongo ukateremka laini kama uji, mwenyewe akashangaa.

Limenichosha... kijana aliyezaliwa juzi amechoka, amechoshwa na nini, anajua lilikotoka gitaa hilo, anajua redio ya marehemu mama iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, usiku inakamata stesheni za Malawi na Zambia na za huko Kongo zikipita juu ya mlima kimagendo, magitaa matatu yanaongea kwa pamoja na hakuna anayemkatiza mwenzake, na yeye Enosi amelaza sikio kwenye spika mpaka vumbi la redio linamwingia puani, anajua matarumbeta ya kanisani siku ya Pasaka, anajua mzee Wilson wa kiwanda cha chai aliyepiga gitaa la galoni akiwa amekaa juu ya magunia, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, fundi yule, fundi haswa, na mdomo wake nao ulikuwa na pilipili, siku moja mbele ya wafanyakazi wote wa zamu alimwambia mkono unao, Enosi, sikio ndilo Mungu alilolisahau, wakacheka, wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu, naye akacheka nao kwa sababu ukichekwa na usicheke unakuwa umekubali, na tangu siku hiyo akaubana mkono, akaufundisha kukimbia, kila alichokisikia akakichukua, kipande cha Kongo hapa, kipande cha Zambia pale, akashona, na nyimbo zikazaliwa, Ukungu wa Saa Nne, na ule wa Ziwa Kisiba aliomtungia Tupokigwe wakati wa uchumba, na ule wa ndizi zinazoivia shambani barabara ikiharibika, ambao Lazaro wa kituo cha maziwa aliusikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, umeanza? Hayo yote Ezron kayasikia akaona mengi ya aina hiyo, na pengine ni kweli, vipande vya watu ukivishona vinabaki vya watu... aah, sindano!

"Pole, nimekigusa," alisema Tupokigwe, akakivutia kidole kwenye mwanga, akapuliza, pumzi yake ina harufu ya moshi wa kuni, na Enosi aliangalia utosi wake, nywele zimesukwa nusu, mama wa jirani kaachia njiani, na akajiuliza kwa hasira iliyomshtua, huyu, huyu kweli, huyu asiyejua hata uzi wa kwanza wa gitaa ni upi, ndiye? Maana ujumbe haukuishia hapo, ungeishia hapo angevumilia, kukataliwa amezoea, ulikuwa na sehemu ya pili na ndiyo iliyomkaa kooni: "Ila huyo dada anayeimba, kaka, usiombe radhi. Pale kwenye kiitikio, anapofika kwenye lile neno halafu anafunga mdomo na kuuachia ule mvumo, pale ndipo wimbo ulipo. Mwili ulinisisimka. Nimewasikilizisha wenzangu, mmoja alitoka nje. Sijui anazuia nini mle ndani, lakini kinasikika. Nitumie sauti yake tupu, bila gitaa, vyombo nitapanga mwenyewe. Na namba yake tafadhali, nataka nizungumze naye." Mvumo, anauita mvumo, kitu ambacho Enosi alikiita kuguna, alikiita hivyo mbele yake zaidi ya mara moja, na kwa Ezron aliandika hivyohivyo, samahani kwa kuguna kwa mwimbaji, ni mama mmoja wa hapa kijijini, mgeni wa mambo haya, hivyo ndivyo alivyoandika, mama mmoja wa hapa kijijini, hakuandika mke wangu kwa sababu aliona aibu, na sasa Arusha wanataka namba ya mama mmoja wa hapa kijijini.

Na kosa ni lake mwenyewe, hilo nalo linauma, kosa la kipumbavu ambalo mtu wa Arusha hawezi kulifanya hata akitaka, kwa sababu wimbo ule aliutunga kwa Kinyakyusa, wimbo wa kumsifu Mungu baada ya ndama kupona, na kiitikio chake ni lutufyo, lutufyo kwa Kyala, sifa, sifa kwa Mungu, neno zuri, lina mzunguko, linakaa vizuri juu ya nyuzi, na alikuwa amelitungia koo la Debora wa kwaya ya Makandana, binti mwenye sauti ya kengele, lakini Debora kaolewa katikati ya mazoezi, Ezron kwa upande wake anasema bila sauti siwezi kufanya kitu, na bando linaisha jioni ile, basi akamwita mkewe, njoo uimbe wewe, na hakukumbuka, hakika hakukumbuka, kwa sababu kwake yeye baba ni Baba, lakini kwa Tupokigwe baba yule ana jina, na jina lake ni Lutufyo. Mzee Lutufyo, nyumba ile pale nyuma ya migomba, moshi wake unaonekana kutoka hapa. Na Tupokigwe amelelewa Kisiba na bibi wa zamani, si kama hawa wasichana wa Tukuyu mjini wanaokaa meza moja na baba mkwe wanagombania chipsi, Tupokigwe anamwogopa baba mkwe kama wazee walivyotaka, si woga wa fimbo, woga wa heshima, akimwona njiani anaingia migombani, anajifunika khanga kichwani, anageuka upande mpaka mzee apite, na jina lake halitamki, wala neno lolote lililobeba jina hilo, na maskini neno lenyewe limejaa kwenye nyimbo za kanisa kuliko kokoto barabarani, kwa hiyo Jumapili anaimba, anafika pale, anafunga mdomo, anavuka kwa pua, anaendelea, na si yeye peke yake, benchi la akina mama wa makamo lina kila mmoja na neno lake analoliruka kwa ajili ya baba mkwe wake, mzee wa kanisa aliwahi kuwaambia kwa Mungu ruhusa, wakamwitikia ndiyo baba, na Jumapili iliyofuata wakaruka vilevile.

Chumba cha kulala jioni ile, mablanketi madirishani ili mvua isisikike, kuku wametimuliwa, simu imelazwa juu ya mto, na yeye na gitaa kitandani, moja, mbili, imba, na sauti ya mkewe ikatoka nyembamba, ya kawaida, sauti ya kuita watoto, mpaka ikafika pale ikajifunga, mmm, ikashuka chini kama mtu anayeweka mzigo polepole ili usivunjike, na yeye akazima simu. "Sema neno." "Siwezi, gwe mume wangu, ni baba huyo." "Baba hayumo humu ndani." "Jina limo." Rudia. Mmm. Rudia. Mmm. Rudia, na akapiga ukuta kwa kiganja, akamwambia ndiyo maana kwenu Kisiba mpaka leo mko gizani, na akamwambia, Mungu amsamehe, hapana, asimsamehe, alimaanisha, akamwambia ningeoa mwalimu ningekuwa mbali, na Tupokigwe akajifuta macho kwa pindo la khanga, akasema basi niimbe tena, akaimba tena, alipofika pale ikatoka chini zaidi, inatetemeka kidogo, na Enosi kwa hasira akaipiga solo yake juu yake kwa nguvu, kuifunika, akaituma hiyohiyo kwa sababu bando lilikuwa linakata. Hiyohiyo. Hiyo ndiyo iliyomtoa mtu nje huko Arusha.

"Hiki kimekaa upande," alisema Tupokigwe, "mwanzi mbaya, una ndimi," na Enosi alikuwa anausikiliza wimbo kichwani, hakutaka, ulikuja wenyewe, na kwa mara ya kwanza aliusikiliza bila kujisikiliza yeye, akalisikia gitaa lake linavyokimbia huku na huku, linajionyesha, kama mgeni anayepiga soga msibani, na chini yake ile sauti, mdomo umefungwa, kitu kizima kimesimama nyuma ya meno hakitoki, na ikamwingia tumboni kwamba ni nzuri, ni nzuri jamani, na ubaya wa yote ni huo, kwamba kijana yule hakosei, angekuwa anakosea mtu angemtukana akalala, lakini hakosei, na Wilson naye hakukosea, amefia magunia yake na hakukosea, miaka kumi na zaidi mwanamke huyu anavuma ndani ya nyumba hii, akikamua, akimenya, akifagia uwanja, na mwanamuziki wa nyumba yuko chumbani mlango umefungwa anatafuta sauti ya kupeleka duniani!

Basi mwambie. Jambo rahisi, mwambie mama Nelson, wamejibu, wanakutaka wewe, angecheka kwanza, angedhani ni utani, halafu angefunika uso kwa viganja, kisha... kisha nini, kisha simu ingelia, Tupokigwe na Ezron wanaongea, yeye amekaa pembeni anashika taa, kisha wimbo unatoka, jina lake Tupokigwe kwa herufi kubwa, na chini kabisa kwa herufi za sisimizi, mtunzi Enosi, au lisiwepo, na Lazaro pale kituo cha maziwa mbele ya wote, Enosi, nimemsikia mkeo, sasa wewe siku ile ulikuwa wapi? Na Baba. Baba aliyemwambia toka utoto, "Enosi, hiyo gitaa yako inakamuliwa wapi, haina maziwa hiyo," Baba ataletewa simu na wajukuu, atasikia wimbo una shimo, na mzee yule si mjinga, atalijua shimo ni lake, atajua dunia nzima inasikiliza heshima aliyopewa na mkwe, na atalia, mzee ambaye hakulia hata alipomzika mke, atalia kwa Tupokigwe, na mwanawe wa kumzaa aliyempigia gitaa miaka yote mzee hakuwahi kumpa hata kikohozi... hapana. Enosi alihisi hapana ikipanda kutoka miguuni, baridi, safi, na haikuwa na aibu. Kunyamaza tu nako hakutoshi, Ezron atamtafuta kwa njia nyingine, vijana wa mtandao hawachoki, kesho ataweka kwenye kundi nani anamfahamu mama huyu wa Rungwe. Angefuta ujumbe, angesema wamekataa... lakini sauti ingebaki humu ndani, asubuhi na jioni, mmm, mlangoni, zizini, kanisani, na yeye sasa ameshaisikia, hawezi tena kutoisikia, atakaa nayo chumba kimoja mpaka kufa.

"Unajua," alisema Tupokigwe, sindano imetulia, sauti imeshuka, "nimekuwa naomba kila siku wasikatae kwa sababu yangu. Najua ulivyotaka wimbo ule. Wakikataa kwa ajili ya lile neno, nitaona nimekuharibia maisha," na hakuinua macho, alisema akiwa ameinamia kidole, kidole chake yeye Enosi kilichovimba, akakisafisha damu kwa mate na pindo la khanga, polepole, kama anavyomfanyia mtoto, na mtu mwenye utu angevunjika hapo, Enosi alijua, alilisubiri hilo livunjike ndani yake kwa hamu kabisa, akasubiri, mvua ikapiga, ndizi zikaanza kugeuka nyeusi kwenye beseni, na kilichokuja si huruma, kilichokuja ni kuona wazi, kama mtu aliyefungua dirisha, kwamba mwanamke amemwekea kisu mkononi na mpini umeelekea kwake.

"Wamejibu," alisema.

Akainua macho sasa, haraka, macho yana maji na matumaini, na Enosi aliigeuza simu kifudifudi juu ya goti akamweleza, taratibu, kwa sauti ya masikitiko ambayo hakujua kama anayo, kwamba wameupenda wimbo, gitaa wamelipenda mno, kilichowashinda ni kuguna, wamesema mwimbaji anaharibu, wamesema wimbo wa sifa usio na sifa ni wimbo gani, lakini wanatoa nafasi moja, moja tu, neno lisemwe. "Lisemwe," alirudia Tupokigwe. "Lisemwe lote?" "Lote. Ila usijali, mama Nelson, mimi siwezi kukulazimisha, nitawaambia basi, nitaacha, labda haikuwa riziki yangu," na alipotaja riziki akaona limeingia, limeingia mahali sindano haifiki, mkewe akakitazama kidole, akatazama ule moshi nyuma ya migomba, midomo ikacheza bila sauti kama mtoto anayejaribu kusoma, na kwa nukta ndogo sana Enosi alitaka kumziba mdomo kwa kiganja, alitaka kusema nakutania, mama Nelson, wewe ndiye, wanakutaka wewe, na mkono wake wa kulia uliinuka kweli kutoka kwenye simu, ukafika hewani, ukakaa.

Tupokigwe alichomeka sindano kwenye khanga kifuani. Akalivuta pindo, akajifunika kichwa mpaka usoni, vilevile anavyojifunika mzee akipita, akageuka upande wa ukuta, na kutoka mle ndani ya khanga akasema, "Lutufyo." Likatoka lote, limenyooka, kama mtu anayesoma maandishi ya mfuko wa mbolea. Akangoja, sijui alingoja nini, radi pengine, na hakuna kilichotokea, mvua iliendelea, akarudia kwa wimbo safari hii, lutufyo, lutufyo kwa Kyala, na ilikuwa sauti nyembamba, ya kawaida, sauti ya kuita watoto, hakuna kitu nyuma ya meno yake tena, kila kitu kimetoka na kilichotoka si chochote, na Enosi, ambaye Mungu alimsahaulia sikio, alisikia kila kitu.

Alifunua uso. Ulikuwa umekauka, na mdogo. "Nimesema vizuri?" aliuliza.

"Vizuri," alisema Enosi, "vizuri sana."

"Basi leta mkono," alisema Tupokigwe, akaichomoa sindano kwenye khanga, akaipangusa, akakishika tena kile kidole na kukigeuzia kwenye mwanga.